Jina, Cheo, Kikosi

Mwanzoni mwa mwaka 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, luteni mmoja wa kikosi cha nne cha King's African Rifles, chenye makao yake Jinja, aliwaongoza askari wake hadi Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Walitumwa kuzima wizi wa ng'ombe mpakani. Walipoondoka, Waturkana walikwenda kulalamika kwamba ndugu zao wameteswa na kuuawa. Serikali ya kikoloni ya Kenya ikafukua makaburi. Maiti zikaonyesha kwamba malalamiko yalikuwa ya kweli, na wakubwa wa Nairobi wakataka luteni yule ashtakiwe.

Luteni yule ni Idi Amin.

Shauri likafika Entebbe, kwa Gavana Walter Coutts. Baadaye Coutts alieleza mwenyewe jinsi alivyolipeleka kwa Milton Obote, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameshika uwaziri mkuu. Amin na Shaban Opolot walikuwa Waganda wa kwanza kupewa kamisheni ya uofisa, tena mwaka mmoja tu uliopita. Kumsimamisha mmoja wao kizimbani, huku bendera ya Mwingereza ikikaribia kushushwa, kulionekana ni kujitafutia balaa ya kisiasa. Obote akashauri apewe karipio kali. Gavana akakubali, ingawa alimwonya kwamba ofisa huyu angekuja kumletea matatizo. Uhuru ukaja tarehe 9 Oktoba 1962. Amin akapanda vyeo mfululizo, akapokelewa kwa mafunzo Uingereza na Israeli, na kifuani akavaa mabawa ya askari wa parachuti aliyoyapata kwa Waisraeli.

Nilikisoma kisa hiki nikiwa natafuta kitu kingine kabisa. Mada yangu ya shahada ya uzamili ni historia ya mafunzo ya majeshi ya Afrika Mashariki baada ya uhuru: nani alimfundisha nani, wapi, kwa fedha za nani. Ukatili wa Amin haukunishangaza, sote tumekua tukilisikia jina hilo. Kilichonifanya niweke kitabu chini ni kwamba mambo yote yalikuwa yameandikwa. Malalamiko yalikuwepo, makaburi yalifukuliwa, jina la mtuhumiwa lilijulikana, cheo chake, kikosi chake. Leo hii, miaka zaidi ya 60 baadaye, kuna ofisi nzima Washington zinazotafuta habari za aina hiyo kabla ofisa wa nchi nyingine hajaruhusiwa kwenda kozi. Mwaka 1962 habari zilikuwa mezani bila kutafutwa, na kozi akaenda.

Kwa Kiswahili cha ofisini kazi hiyo tunaiita upekuzi. Nimezaliwa na kukulia Tunduma, na kwetu neno hilo linajulikana kwa kila kijana aliyewahi kuomba JKT, polisi au uhamiaji. Unaanza na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Kisha siku moja jirani anakuambia kuna watu walikuja kuulizia habari zako. Na kwa kuwa sisi ni watu wa boda, swali la kwanza huwa ni uraia. Wanyamwanga wako Tunduma na wako Nakonde. Mtu anaweza kuwa na shangazi Zambia, shamba Tanzania, na kanisa lake likawa ng'ambo ya pili. Basi unaulizwa bibi yako alizikwa wapi, babu yako alilipa kodi kwa nani.

Upekuzi huo unailinda dola dhidi ya mtu. Unauliza kama wewe ni hatari kwa jeshi. Upekuzi wa haki za binadamu umegeuza swali: je, ofisa huyu, akiwa amevaa sare ya dola, amewahi kuwa hatari kwa watu? Nimejaribu kutafuta katika historia yetu ni lini swali hili la pili liliulizwa kwa dhati kabla ya kumpeleka mtu masomoni, na nimepata kidogo sana.

Tuchukue mwaka 1964. Tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika Rifles waliasi pale Colito, kambi tunayoiita leo Lugalo. Siku 5 baadaye makomando wa Uingereza wakawazima, kwa ombi la Mwalimu Nyerere mwenyewe, jambo lililomuumiza sana. Jeshi lile likavunjwa. Mwezi Septemba likazaliwa jipya, JWTZ, na vijana wake wengi wakatokana na Umoja wa Vijana wa TANU. Upekuzi ulikuwepo, tena mkali, lakini ulipima utii: nani anaamini chama, nani anaweza kugeuka tena. Ukiangalia yaliyotokea Januari, huwezi kuwalaumu. Walimu wakatoka Uchina, na kuanzia 1965 hadi 1970 wakawepo pia Wakanada. Mashariki na Magharibi waligombana juu ya nani atufundishe, ila hakuna upande uliofanya kigezo cha mafunzo kuwa namna askari anavyomtendea raia.

Baba yangu mkubwa aliingia jeshini miaka ya 1970, akavuka na JWTZ hadi Uganda katika vita vya Kagera, na alipostaafu akajenga Tunduma, mtaa wa pili kutoka kwetu. Likizo iliyopita nilikwenda kumwamkia, nikamsimulia habari za Turkana. Alisikiliza hadi mwisho huku akimenya karanga.

"Baba mkubwa, mlipokuwa mnakwenda Kampala mlijua huyu mtu alisomeshwa na nani?"

"Mwanangu, sisi tulikuwa tunaangalia risasi zinatoka wapi." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Lakini nikuambie kitu. Jeshini kozi ni sifa. Mtu akirudi kozi ya nje anaulizwa amejifunza nini, ameleta nini. Hakuna anayemuuliza alifanya nini kabla hajaenda."

Nililiandika hilo kwenye simu nikiwa bado nimekaa mbele yake, na hakupenda. Kwake simu mbele ya mkubwa ni utovu wa adabu.

Swali ambalo baba mkubwa alisema haliulizwi liliingia katika sheria ya Marekani kwa jina la mtu mmoja, Patrick Leahy, seneta wa jimbo la Vermont. Katika bajeti ya 1997 Bunge la Marekani liliweka kifungu chake kwenye fedha za kupambana na dawa za kulevya, na Kolombia ilikuwa mfano uliokuwa akilini mwa wengi: jeshi linalopewa helikopta huku baadhi ya vikosi vyake vikituhumiwa kuua wanavijiji. Bajeti ya 1998 ikapanua kifungu hicho kwenye misaada mingine ya usalama inayopitia Wizara ya Mambo ya Nje, na ya 1999 ikaingiza mafunzo ya Wizara ya Ulinzi. Msingi wake ni mfupi. Kama kuna habari za kuaminika kwamba kikosi fulani kimefanya ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu, yaani mateso, mauaji nje ya mahakama, kupoteza watu, au ubakaji unaofanywa na askari kwa mamlaka ya sare yake, kikosi hicho kisipewe msaada. Mlango mmoja umeachwa wazi: serikali husika ikichukua hatua za kweli kuwafikisha wahusika mbele ya sheria, msaada unaweza kurudi.

Utekelezaji wake ni kazi ya karani. Nchi inapendekeza ofisa. Ubalozi wa Marekani unachukua jina lake, tarehe na mahali alipozaliwa, cheo, kikosi. Unatafuta katika kumbukumbu zake, kisha unapeleka Washington, ambako tangu 2010 upo mfumo maalumu wa kompyuta kwa kazi hiyo. Huko wanapitia ripoti za mashirika, magazeti, taarifa za balozi nyingine. Asipoonekana na doa, anapata kibali kinachodumu mwaka mmoja. Mwaka 2011 majina na vikosi takriban 200,000 vilipita katika chujio hilo duniani kote, na waliokataliwa kwa sababu za haki za binadamu walikuwa 1,766. Hiyo ni chini ya asilimia 1.

Asilimia hiyo unaweza kuisoma kwa namna mbili. Labda nchi, zikijua kuna chujio, hazipeleki tena majina yenye damu. Au labda chujio linaona kilichoandikwa tu, na kwingi duniani hakuna aliyeandika.

Mtoto wa Tunduma huwa anaelekea kwenye jibu la pili. Baba yangu ni wakala wa forodha. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe mwaka 2019 mambo yamekuwa mepesi kuliko zamani, ingawa foleni ya malori ya kwenda Zambia na Lubumbashi bado unaweza kuihesabu hadi uchoke. Ukikaa na mawakala unajifunza mapema kwamba kinachovuka kwanza ni karatasi. Karatasi zikiwa safi na lakiri haijaguswa, lori lina nafasi kubwa ya kupita bila mtu kufungua turubai. Hakuna aliyesema uongo. Ofisa amesoma alichopewa kusoma.

Ndivyo kilivyopita kikosi cha 391 cha makomando wa Kongo. Mwaka 2010, karibu na Kisangani, Wamarekani waliwafundisha askari wapatao 750 wa jeshi la serikali, FARDC. Kiliundwa kiwe kikosi cha mfano kwa jeshi zima. Upekuzi ulifanyika. Masomo ya haki za binadamu na ya kuzuia ukatili wa kingono yaliwekwa kwenye ratiba pamoja na shabaha na kilimo, maana askari walitakiwa wajue pia kujilisha. Walihitimu Septemba mwaka huohuo.

Tarehe 20 Novemba 2012 waasi wa M23 waliteka Goma. Jeshi la serikali likakimbia kuelekea kusini, kando ya Ziwa Kivu, vikosi vikiwa vimevurugika, na maelfu ya askari wakajikuta Minova. Kwa siku kama 10 walipora na kubaka. Umoja wa Mataifa ulikusanya ushahidi wa wanawake na wasichana zaidi ya 130, baadhi yao watoto wadogo. Uchunguzi ulipotaja vikosi vilivyohusika, kimojawapo kilikuwa cha 391.

Wapo wanaolitumia tukio hili kusema upekuzi ni upuuzi. Mimi sioni hivyo. Upekuzi unaangalia nyuma. Askari kijana asiye na historia hauwezi kumtabiria atafanya nini siku jeshi lake likishindwa, makamanda wakikimbia na mshahara ukiwa haujafika. Kilichoniuma zaidi ni yaliyofuata. Umoja wa Mataifa ulikuwa na sera yake, iliyoanza 2011, inayoukataza kusaidia majeshi yanayokiuka haki. Ukaitishia Kinshasa: wafikisheni mahakamani au msaada kwa vikosi hivi utasitishwa. Kesi ikafunguliwa Goma. Wanawake wakaja kutoa ushahidi wakiwa wamefunikwa vichwa ili wasitambulike. Mwezi Mei 2014 hukumu ikasomwa dhidi ya washtakiwa 39, na waliopatikana na hatia ya kubaka walikuwa 2.

Sasa fikiria karani wa ubalozi miaka michache baadaye, akiwa na orodha ya maofisa wa Kongo wanaoombewa kozi. Ataandika nini kwa hao 37 wengine? Mahakama haijasema walibaka. Ushahidi wa mama aliyefunika kichwa hauna jina la luteni. Gizani hakusoma kitambulisho. Kuna kijiji kizima kinachojua, na kuna fomu inayotaka jina, cheo, kikosi.

Wakati Minova inatokea, sisi tulikuwa njiani kwenda huko. Mwaka 2013 Tanzania ilipeleka askari Goma katika brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, na tuliwashangilia walipoisaidia FARDC kuishinda M23. Mapema 2015 ilipangwa operesheni ya pamoja dhidi ya waasi wa FDLR. Kinshasa ikateua majenerali wawili ambao Umoja wa Mataifa ulikuwa umewawekea alama nyekundu kwa rekodi zao za haki za binadamu, kisha ikakataa kuwaondoa. Msaada ukasitishwa. Hapo upekuzi ulisema hapana, na gharama yake ilionekana mara moja: FDLR, kundi lenye mikono michafu kuliko wengi, likapata nafuu. Sijui mtu wa Kivu angechagua lipi, na sidhani ni haki kumchagulia nikiwa maktaba ya Dar es Salaam.

Ni rahisi kuandika hivi juu ya Wakongo. Turudi nyumbani. Oktoba 2013 serikali yetu ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili wa tembo. Tembo walikuwa wanakwisha kweli, hilo halina ubishi. Walioingia kazini walikuwa mchanganyiko: wanajeshi, polisi, askari wa wanyamapori. Ndani ya wiki chache wabunge wakaanza kusimulia habari za wafugaji waliopigwa, ng'ombe waliouawa, wanawake waliodhalilishwa, watu waliokufa mikononi mwa operesheni. Ikasitishwa. Kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, chini ya James Lembeli, ikachunguza, na Desemba 20 taarifa yake ikasomwa Dodoma. Kabla siku haijaisha mawaziri wanne walikuwa wameondoka: Khamis Kagasheki wa Maliasili na Utalii, Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani, Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi na Mathayo David Mathayo wa Mifugo.

Ilikuwa siku kubwa kwa Bunge letu na sitaki kuipunguza. Lakini isome taarifa ile kama karani wa upekuzi. Majina ya mawaziri unayo. Ya waliokuwa kwenye gari usiku ule, je? Operesheni ya mchanganyiko ina tabia moja: kikosi kinapotea ndani yake. Mfugaji anaona sare tatu tofauti, na akiulizwa anasema "watu wa Tokomeza", na hajakosea. Waziri akianguka, wananchi wanahisi deni limelipwa, na kapteni anarudi kambini akiwa msafi kwenye kila karatasi. Kama baadaye ameombewa kozi, hakuna chujio ambalo lingemkamata.

Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kuwarudisha nyumbani askari 60 wa Tanzania kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati. Uchunguzi wa awali ulionyesha kwamba 11 kati yao walihusika na unyonyaji na udhalilishaji wa kingono. Utaratibu unasema nchi inayopeleka askari ndiyo inayothibitisha kwamba waliochaguliwa hawana rekodi ya kukiuka haki za binadamu. Nchi inajiandikia barua ya mwenyekiti wa mtaa.

Najua jibu linalotolewa kwenye makundi yetu ya WhatsApp: Marekani ni nani wa kutupekua? Ni swali halali. Leahy huyohuyo alilalamika kwamba sheria yake haitumiki kwa marafiki wakubwa wa Marekani, Israeli ikiwa ya kwanza, na picha za gereza la Abu Ghraib hazijasahaulika. Wala hakuna anayewapekua wanaokuja kwetu. Mwaka 2012 mwili wa binti wa Kikenya ulikutwa kwenye shimo la maji taka la hoteli mjini Nanyuki, mahali wanapofanyia mazoezi askari wa Uingereza. Uchunguzi wa mahakama ya Kenya mwaka 2019 ulihitimisha kwamba aliuawa na askari hao. Tena ipo Uchina, ambayo inafundisha maofisa wetu bila kuulizia ya nyuma, na wapo wanaoona huko ndiko kuheshimiwa.

Mimi jibu hilo haliniridhishi, kwa sababu linamtoa mfugaji kwenye mazungumzo. Ugomvi unabaki kati ya Dodoma na Washington, nani ana haki ya kumuuliza nani, na aliyepigwa anakuwa hoja ya mmoja wao. Swali alilopaswa kuulizwa Amin mwaka 1962 halikuhitaji Mmarekani. Lilikuwa limeulizwa na Waturkana wenyewe, kwa miguu yao, walipokwenda kushtaki.

Msimamizi wangu ananiambia nipunguze Turkana kwenye pendekezo la utafiti, eti inavuta kazi nje ya mada. Nimeibakiza kurasa tatu. Katika vitabu nilivyovisoma juu ya tukio lile, jina la luteni lipo, cheo chake kipo, kikosi kipo. Jina la gavana lipo na la waziri mkuu. Hakuna kitabu hata kimoja kati ya hivyo kilichotaja jina la Mturkana aliyefukuliwa, na ndilo ninalokwenda kulitafuta Lodwar mwezi ujao, nikianzia kwa wazee wa umri wa baba mkubwa.